Si Kila Asiyekula Amesusa

(Mhadhara uliotolewa Mbarara mbele ya walimu, wauguzi, wanafunzi na wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale)



Nilipoitikia mwaliko wa kusema juu ya maradhi ya ulaji, sahibu yangu mmoja, mtu wa mzaha ambaye mzaha wake aghalabu huwa na ncha, aliniuliza kama nimefilisika mada; kwa kuwa, alisema, kuwaendea watu ambao posho yao imepunguzwa mara baada ya mara na kuwahadithia habari za mtu aliyewekewa chakula akakataa kula, ni sawa na kumsimamia ukingoni mtu anayezama na kumhadharisha juu ya kiu. Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala vyema, maana nilitanabahi kwamba neno lake ndilo lile lile ambalo wagonjwa wenyewe hujiambia kila siku, na ndilo linalowafumba midomo. Mwenye maradhi haya akiwa katika nchi ya shibe huona haya. Akiwa katika nchi ya njaa hujiona amekufuru.

Nataka kuanza na lugha, kwa sababu huko ndiko tunakompotezea mgonjwa kabla hajamfikia tabibu. Kiswahili chetu ni tajiri wa maneno ya kula: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na mzee husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Katika utajiri huo tumetenga fungu kubwa la kumlaumu mlaji. Yuko mlafi, yuko mroho, yuko mdoezi, yuko mwenye uchu. Na kwa yule asiyekula ilhali chakula kipo tunalo neno moja kali, kususa. Lipimeni neno hilo. Hakuna asusaye peke yake: mtoto humsusia mama yake, mke humsusia mumewe, mgeni aliyevunjiwa heshima huwasusia wenyeji wake, kususa ni ugomvi uliohamia sahanini, na dawa yake inajulikana, yaani kubembelezwa mara mbili, na mara ya tatu kuachwa mpaka njaa imfundishe. Basi binti akionekana anakisogeza chakula kando siku hata siku, nyumba nzima huuliza nani kamuudhi. Na mtu mzima akikutwa amemaliza sufuria ya ubwabwa usiku, peke yake, gizani, hakuna aulizaye lolote, ila jina humtoka mtu upesi, mlafi, nalo humwandama mwenyewe mpaka uzeeni. Katika lugha hii nzuri, yenye nafasi ya kila kitu, hatukutandika kitanda cha mgonjwa wa kula.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa mbali walifanya vizuri zaidi. William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ugonjwa wa kujinyima chakula katika mwaka mmoja, 1873, na Gull akaupa jina la anoreksia, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kukosa hamu ya kula. Na jina hilo lina kosa ndani yake, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hao hawakukosa hamu hata kidogo, bali huwa na njaa mchana na usiku, huota vyakula, huwapikia wengine kwa ustadi, na fahari yao yote ni kuishinda njaa hiyo. Ikapita zaidi ya miaka 100 ndipo Gerald Russell, naye wa London, alipoieleza mwaka 1979 hali ya pili, bulimia, ambamo mtu hula kwa wingi na kwa haraka kana kwamba anafukuzwa, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha ili apate kujikomboa na alichokula. Iko na hali ya tatu, ya kula kwa namna hiyo hiyo pasipo kutapika, ambayo watu wengi zaidi wanayo na ambayo haitajwi sana. Haya si maradhi ya urembo. Mwenye kutapika mara kwa mara hupoteza potasiamu, madini ya damu yanayolinda mapigo ya moyo, na moyo wake unaweza kusimama ghafula hali mwili wake haujakonda na nguo zake zote bado zinamkaa. Nalisema hili kwa ajili ya wauguzi: utepe wenye rangi tatu tunaouzungusha mkononi mwa mtoto, ambao wekundu wake ni chini ya sentimita 11.5, hupima nyama iliyopungua. Siri haupimi.

Sasa twende Nakivale. Makazi yale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, yanahesabiwa miongoni mwa makongwe kabisa barani Afrika. Walitangulia Wanyarwanda, na kwa miaka mingi wakafuatia Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na Waeritrea, kila kundi na chungu chake, huyu na sombe lake, yule na anjera yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ni nadra kuona serikali iliyoitii methali hiyo kama ya Uganda, impayo mkimbizi kipande cha ardhi alime. Ila vipande vimekuwa vikipungua kadiri watu walivyozidi, na mvua haina mkataba na mtu, hivyo kaya nyingi zimebaki kuitazama posho. Na neno hilo lina safari yake. Katika misafara ya wapagazi kutoka pwani, posho ilikuwa kipimo cha chakula anachopewa mtu kwa siku; lilipofika huku Uganda likahama maana, likawa jina la sima ya mahindi yenyewe. Mkimbizi wa Nakivale amezikutanisha tena maana zote mbili: posho yake ni posho.

Kipimo ambacho mashirika ya misaada hukikusudia ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwezi wa Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani uliipunguza posho ya wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 upungufu ukafikia asilimia 40, kwa kukosa fedha za wafadhili. Atakayepiga hesabu ataona kwamba asilimia 60 ya 2,100 ni 1,260. Tafadhali ishikeni tarakimu hiyo kwa muda, maana nataka niwapeleke Marekani, kisha niwarudishe.

Mwishoni mwa mwaka 1944, vita vikuu vikielekea ukingoni, mtaalamu aitwaye Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 wenye siha njema, wote wakiwa ni watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamira zao, waliojitolea washindishwe na njaa ili ijulikane jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya walioachwa hohehahe na vita. Kwa majuma 24 walipewa chakula cha kiasi cha nusu ya walichokizoea, yapata kalori 1,570 kwa siku. Wakapoteza karibu robo ya uzito wao, na hilo lilitarajiwa; ambalo halikutarajiwa ni mwenendo wa nafsi zao. Vijana wale wasomi walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuramba sahani, kulitafuna tonge moja kwa muda mrefu wa kuchosha, kuficha vyakula, kukwepana, kukasirika bila sababu. Na walipofunguliwa wale, baadhi yao walikula hata wakaugua, wakawa na matumbo yaliyojaa na njaa isiyokwisha, miezi kadhaa baada ya chakula kurudi. Hawa hawakuwa na ulafi wala kiburi kabla ya jaribio. Walichaguliwa kwa uzima wao. Njaa yenyewe ndiyo iliyoipinda tabia ya kula, na uliporudi wingi, tabia haikurudi siku hiyo hiyo. Nao walikula zaidi ya 1,260.

Mtaniambia kwamba kaya ya Nakivale huongezea maharagwe ya shamba na kibarua cha hapa na pale, ni kweli. Lakini vijana wa Minnesota hawakuwa wamelala porini, wala hawakuwa wamezika mtoto njiani, na walijua tarehe ya kumalizika kwa njaa yao.

Hapa nitamzungumzia mama mmoja wa Kivu, ambaye jina lake na kijiji chake vitabaki kwangu. Katika siku za kukimbia alikuwa na watoto 4 na furushi moja la unga, na kila walipokaa kula aliwaambia neno ambalo hapana mama wa Kiafrika asiyelijua: kuleni, mimi nimeshaonja jikoni. Jikoni hapakuwapo, palikuwa na mawe matatu na mvua. Alilisema neno hilo njiani, akalisema mpakani, akalisema katika kambi ya mapokezi, akalisema Nakivale kila posho ilipopungua, mpaka ikawa kwamba hata katika mwezi wa mavuno, mahindi yamejaa ndani na bugali iko mezani, tonge halishuki kooni. Mchana hali. Usiku wa manane, watoto wamelala, huamka akala kiporo kwa mkono, amesimama, akakwangua ukoko, akautia mdomoni hata unga mkavu. Kisha hutoka nyuma ya nyumba kukirudisha chote alichokula, akijilaani kwa machozi kwamba amekula haki ya wanawe.

Majirani walisema ni mimba. Wengine wakasema ni pepo. Mtumishi mmoja wa Mungu, kwa nia njema, alimwamuru afunge siku tatu kwa maombi, na katika amri zote alizopewa hiyo ndiyo aliyoitii kwa urahisi. Aliyeujua ukweli alikuwa binti yake wa miaka 11, naye aliujua kwa sufuria: jioni waliiacha imelowekwa maji, ukoko umeganda, asubuhi akaikuta imesuguliwa ikang'aa na kufunikwa. Mtoto yule hakuuliza. Alianza kuacha chakula kingi zaidi ndani ya sufuria, akipunguza sahani yake mwenyewe, na alipoulizwa mbona hali, alijibu kwamba ameonja jikoni.

Katika habari zote nilizokuja nazo, hiyo ndiyo inayonitisha. Sadaka ya mama ni sifa kubwa kwetu, na siku ya leo sikuja kuibeza; ila nimeona jinsi sadaka inavyoweza kubadilika ikawa maradhi pasipo kubadili nguo, na jinsi mtoto anavyoirithi kwa jina la adabu.

Mila yetu ya kula pamoja hutusaidia, lakini si kwa kadiri tunavyojisifu. Tunapozunguka sinia moja, kama tufanyavyo pwani na kama wafanyavyo ndugu zetu Wasomali, tunasema hapa hapana anayelala na njaa. Nami nimekaa sinia moja na kijana ambaye mkono wake ulikwenda na kurudi kama mikono yetu, akafinyanga tonge, akalisogeza upande wa mdogo wake, akasimulia kisa tukacheka, na alipoinuka kunawa sikumbuki kama alitia mdomoni hata punje. Penye sahani ya mtu mmoja, kilichobaki hushuhudia. Sinia halimshuhudii mtu.

Wako wanaosema maradhi haya yameletwa na Wazungu kwa picha za wanawake wembamba. Neno hilo lina ukweli: huko Fiji televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995, na Anne Becker alipopima baada ya miaka 3 aliwakuta wasichana wa shule wakijitapisha ili wapungue, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwako. Na humu mjini Mbarara nimesikia habari za wasichana wa vyuo wanaoshinda kwa soda na karanga juma zima, kisha Ijumaa usiku wakila roleksi tatu, zile chapati za mayai, mfululizo na kulia. Lakini tusiusingizie ugeni kila kitu, maana nchi hii tuliyokaa ina kumbukumbu yake. Mwaka 1861 msafiri John Hanning Speke, akiwa pamoja na wapagazi wa pwani na posho yao, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, ng'ambo ya mto Kagera kutoka huku Isingiro iliko Nakivale, akawakuta wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama. Akampima mmoja wao unene, na kando yake aliketi binti wa miaka 16 akinyonya kibuyu cha maziwa, baba yake ameshika fimbo. Miongoni mwa Wahima wa Ankole pia bibi harusi alinyweshwa maziwa miezi kadhaa ili apendeze. Zamani fimbo ilimlazimisha binti anywe, leo kioo kinamlazimisha aache. Mwili wa mwanamke haukuwahi kuwa wake peke yake katika bonde hili, si wakati wa maziwa wala wakati wa picha.

Nitapita haraka juu ya ulaji wa udongo, ingawa ungestahili mhadhara wake. Mwenye mimba atafunaye udongo, na mwingine atafunaye mchele mbichi kwa uchu usiozuilika, mara nyingi ana upungufu wa damu; utafiti wa Sera Young kisiwani Pemba ulionyesha uhusiano huo. Apimwe damu kwanza, kucheka kutafuata baadaye kama kuna haja.

Je, msaada uko wapi? Nakivale ina historia ambayo wenyewe hawaijui vya kutosha. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya Frank Neuner, Lamaro Onyut na wenzao, juu ya wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na jeraha la nafsi litokanalo na vita. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Kundi moja lilisimulia maisha yao tangu kuzaliwa, katika mikutano 6, kwa njia ambayo mara nyingi hutandazwa kamba sakafuni, likawekwa ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa msiba; kundi la pili lilipewa nasaha za kawaida; la tatu lilifuatiliwa tu. Makundi mawili ya kwanza yalipata nafuu iliyolizidi kwa mbali lile la tatu, na tofauti kati ya hayo mawili ilikuwa ndogo. Hawakuwa wakitibu ulaji, nami sitaki kuusemea utafiti ule neno ambalo haukulisema. Lakini mama wa Kivu alipokubali kuketi na mwanamke mwenzake aliyejua kusikiliza, na hadithi yake ilipofika penye jiwe, palikuwa ni penye chakula: furushi la unga, mtoto mdogo, na tonge alilolimeza yeye asubuhi ambayo mtoto hakuamka. Miaka 9 alikuwa akilitapika tonge hilo.

Kuhusu mwili, kuna tahadhari moja ambayo nawaomba muishike hata mkisahau mengine. Aliyekaa muda mrefu bila kula asilishwe kwa pupa, hata kwa mapenzi. Mwaka 1945 baadhi ya wafungwa wa vita walikufa baada ya kuokolewa, kwa sababu chakula kingi cha ghafula huvuruga madini ya damu. Aliyedhoofika sana aanzishiwe hospitalini, kidogo kidogo, damu yake ikipimwa. Asiyefikia hali hiyo hufundishwa kula kwa saa, asianze kujinyima asubuhi, kwa kuwa kula kwa fujo usiku ni mtoto wa njaa ya mchana. Lakini nitasema wazi ninaloliamini: kumwambia mtu ale mara 3 kwa siku pasipo kumwuliza ndani mna nini, ni dhihaka. Mshauri asiyeuliza habari ya posho hajaanza kazi, na uji mwepesi wa asubuhi, ukigawanywa kutoka katika kile kile kidogo kilichopo, una thamani kuliko hotuba yangu hii nzima.

Kwa vijana, madaktari wa hospitali ya Maudsley ya London walianza katika miaka ya 1980 kuwatia wazazi ndani ya matibabu, wakae na mtoto, wasimlaumu, wasimwache mpaka ale. Bibi zetu wasingeshangaa. Kwao lingekuwa geni lile la kutolaumu.

Njia ya kwenda ni hii: kituo cha afya kilicho karibu nawe makazini, na kutoka hapo barua ya kuletwa hapa mjini, katika hospitali ya rufaa yenye idara ya maradhi ya akili, jirani na chuo kikuu ambacho tangu mwaka 1989 kinafundisha madaktari. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 imeiweka huduma hiyo ndani ya huduma za kawaida za afya. Si mambo ya kufungiwa mbali. Nauli najua ni mzigo, na foleni ni ndefu. Ukihitaji mkalimani, usimlete mwanao. Mtoto aliyeiona sufuria kwa macho yake asibebeshwe na maneno ya mama yake. Mashekhe walio hapa wanajua kuliko mimi kwamba mgonjwa ameruhusiwa asifunge. Basi wamwambie mgonjwa huyo waziwazi, tena mapema kabla ya Ramadhani kuandama, maana saumu kwake ni pazia. Wachungaji nao wana lao la kusema.

Mama yule anaendelea na matibabu. Iko miezi anayokula, iko miezi ya taabu, hasa posho inapochelewa. Binti yake sasa huulizwa na muuguzi peke yake, mlangoni, kama amekula au ameonja.

Maswali nitayapokea hapa, na asiyetaka kuuliza mbele za watu atanikuta chini ya mwembe mpaka gari la Nakivale litakapoondoka. Akina mama wa kamati wametuandalia wali na maharagwe hapo nje. Twendeni tukale, na tafadhali, kwa siku ya leo tu, mtu asitazame sahani ya mwenzake, wala asimwambie mtu ongeza.